Jina la Mke Wangu Kwenye Fomu ya Kasoro

Sehemu ya Saba

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa samaki kabla hawajalisoma: mimi ni Habib, nina miaka arobaini na sita, ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha magodoro eneo la viwanda la Nakawa, na mgongo wangu unauma kwa mwezi wa kumi na nne sasa, tangu niliponyanyua pipa la gundi kazini. Ndiyo, magodoro. Vichekesho vyote kuhusu jambo hilo nimeshavisikia, kimoja kutoka kwa daktari aliyekuwa ameshika sindano.

Mpaka sasa nimekandwa, nimeumikwa kwa hijama, nimesomewa dua, nimelazwa juu ya mlango uliong'olewa bawaba. Hakuna kilichosaidia zaidi ya siku tatu. Msikitini ninaswali kwenye kiti cha plastiki mwisho wa safu, na wazee kuliko mimi hunisogezea hicho kiti.

Katika sehemu iliyopita mke wangu, Shifa, alikuta picha ya MRI nyuma ya kabati. Nilikuwa nimeificha miezi mitano. Wala haikuwa mbaya. Niliificha kwa sababu ilikuwa nzuri.

Picha ilionyesha diski moja iliyokauka kidogo. Zaidi ya nusu ya watu wa umri wangu wana diski za namna hiyo, hawajui, na Jumapili wanacheza mpira. Mtu anayefungwa kamba za viatu na mke wake hawezi kurudi nyumbani na habari kama hiyo.

Shifa hakupiga kelele. Alisema, "Baba Iman, mwaka mzima nimekubeba. Ukinificha jambo jingine, moja tu, nakwenda Kibuli kwa baba yangu na sirudi."

Hapo ndipo nilipowaacha. Tangu siku hiyo mambo yameharibika zaidi, na safari hii yameharibiwa na hesabu.

*

Ni Shifa mwenyewe aliyenipeleka kwa Abalo.

Abalo ni mtaalamu wa fiziotherapia. Ana chumba kimoja karibu na Kyambogo, kitanda kimoja, na picha ya marehemu baba yake akiwa na sare ya sajini wa polisi. Amekulia kambini, na Kiswahili chake ni cha kambini: kinakusalimu na kukukamata kwa wakati mmoja.

"Mzee, vua shati. Lala tumbo."

Nililala. Alibonyeza.

"Inauma hapa?"

"Ndiyo."

"Na hapa?"

"Ndiyo."

"Na hapa?"

"Sana."

"Hapo bado sijagusa."

Shifa, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba wangu mapajani, alikohoa.

"Amka. Inama, gusa goti."

"Siwezi."

"Nani alisema?"

"Daktari wa kwanza. Alisema uti wangu umechakaa kama wa mtu wa miaka themanini."

"Daktari huyo ndiyo nusu ya ugonjwa," Abalo alisema. "Mimi nimeona picha. Mgongo yako ni mzima kuliko yangu. Ngoja, usikasirike. Sisemi wewe nadanganya. Maumivu ni ya kweli. Lakini ni kama askari wa getini. Siku moja mtu alimpita, wakamchapa. Sasa anapuliza firimbi hata paka ikipita."

Nilimwambia kwamba kama maelezo ya jinsi neva zinavyofanya kazi, hayo yalikuwa na upungufu.

"Kale, sawa. Kazini nani hupendi?"

"Sioni uhusiano wa swali hilo na pingili ya tano ya kiuno."

"Jibu tu, mzee."

"Hakuna mtu nisiyempenda."

Aliandika kitu kirefu.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika: iko mtu, jina bado."

Kisha akatoa amri. Kwa wiki sita, mara nne kwa siku, niandike maumivu kwa alama, sifuri mpaka kumi. Niandike nilikuwa nafanya nini, nimenyanyua nini, na nani alikuwa karibu. "Usichague. Usifikiri. Andika tu."

"Bibi Abalo," nilisema, "hiyo ndiyo kazi yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kumi na minne kutoka kwa tabibu nikiwa na furaha.

*

Kosa langu lilikuwa kutonunua daftari.

Nyumbani nilikuwa na bunda la fomu za kiwandani. Godoro likitoka kwenye mashine na shimo, au likibonyezwa lisirudi, linajaziwa fomu. Aina ya kasoro. Mazingira. Chanzo kinachoshukiwa. Hatua inayopendekezwa. Nimezijaza kwa miaka kumi na tisa. Mkono wangu unazijaza wenyewe, mimi nikifikiria chakula.

Nilichukua vipimo mia moja sitini na nane. Sikukosa hata kimoja. Nilikuwa likizo ya ugonjwa, ya tatu, kwa hiyo muda ulikuwepo.

Nilipomaliza nilivipanga, nikatafuta wastani, na matokeo yalinikasirisha.

Uzito haukuwa na maana yoyote. Siku ya kumi na sita maji yalikatika, nikabeba jerikeni ya lita ishirini kutoka kwenye tangi la jirani, ngazi kumi na moja. Hakuna aliyeniona. Alama: tatu. Siku ya ishirini nilinyanyua kikombe cha chai wakati shemeji yangu Faizal akisimulia kwamba amemwona Oola akiendesha pikapu ya kampuni. Alama: nane.

Oola ni mtu niliyemfundisha kazi. Nilimwonyesha mimi namna ya kushika kipimio. Sasa ni mkuu wa idara ya ubora, na mimi niko chini yake. Jina lake lilitokea kwenye fomu mara tisa, na mara zote tisa alama haikushuka chini ya saba.

Kisha nikafika kwa Shifa.

Shifa alikuwa amekwenda Jinja siku kumi na moja, binamu yake amejifungua. Shifa akiwa nyumbani, wastani wangu ni sita nukta nane. Shifa akiwa Jinja, tatu nukta moja.

Nilirudia hesabu. Haikubadilika.

Maelezo yake si magumu. Nikitaka kusimama, Shifa ameshanishika kiwiko. Nikitaka kuokota kitu, ameshakiokota. Na anauliza, "Inauma?" Siku moja nilihesabu: mara thelathini na nne. Kila akiuliza, inanibidi niende kuangalia, na kila nikienda kuangalia, ninaikuta. Muulize mtu mwenye afya mara thelathini na nne kwa siku kama sikio lake linawasha, kisha umtazame jioni. Watafiti wameshalipima jambo hili kwa wagonjwa wa mgongo: mara nyingi, jinsi mwenzi anavyozidi huruma, ndivyo mgonjwa anavyopunguza kujinyoosha. Nilizisoma ripoti zao. Nilijisikia kama fundi aliyeona bomba linapovujia.

Nikajaza fomu ya mwisho, ile ya muhtasari.

Aina ya kasoro: maumivu ya kiuno. Mazingira: nyumbani. Chanzo kinachoshukiwa: Shifa. Hatua inayopendekezwa: kuondoa kwa muda, kisha kupima tena.

Nikaiacha juu ya meza ya chakula, nikaenda kuswali alasiri.

*

Niliporudi, Shifa alikuwa amesimama, fomu mkononi.

"Mimi ni kasoro?"

"Hapana," nilisema. "Kasoro ni maumivu. Wewe ni chanzo."

Naungama kwamba wakati huo niliamini maelezo hayo yangesaidia.

"Kinachoshukiwa," niliongeza.

"Mimi ninayekuvalisha soksi!"

"Soksi ndizo hasa. Ukinivalisha soksi, saba nukta mbili. Siku zile za Jinja nilivaa mwenyewe, ilikuwa nne."

"Kumbe unaweza kuvaa soksi."

Nilinyosha mkono kuichukua fomu; akaisogeza mbali.

"Kuondoa kwa muda," alisoma, taratibu, kama anayesoma kibandiko cha dawa. "Utaniweka wapi, Habib? Stoo? Pamoja na jiko bovu?"

Miaka kumi na saba hajaniita Habib. Huniita Baba Iman. Binti yetu Iman yuko shule ya bweni, na siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa ada zote nilizowahi kulipa.

"Shifa, ni lugha ya fomu tu."

"Mwaka mzima naamka kabla yako nikuwekee maji ya moto kwenye chupa. Harusi sita sikuenda. Nimekataa kazi ya kufundisha Entebbe kwa sababu nani atakuinua. Na wewe unanipima? Kama godoro?"

"Nimepima kila kitu. Si wewe peke yako."

Alikwenda chumbani. Nilisikia zipu ya begi.

Alipotoka na begi kubwa nilimpokea, nikalibeba mpaka nje, nikashuka nalo ngazi zote kumi na moja, nikalipandisha kwenye boda. Shifa alinifuata akilia, na kwenye ngazi ya mwisho akasema, kwa mazoea tu, "Liache, utaumia."

Sote tulisimama.

Nilitazama begi. Alitazama begi. Dereva wa boda alitazama saa yake.

"Inauma?" aliuliza Shifa.

Nilikwenda kuangalia. Sasa ilikuwa inauma.

"Nenda wewe ndani ukaandike," alisema, akapanda boda, akaondoka Kibuli.

*

Jumamosi niliitwa.

Nyumbani kwa wakwe zangu kuna utaratibu ambao ulikuwepo kabla sijazaliwa: mke akirudi kwao, mume huitwa baada ya alasiri, huwekewa kahawa na tende, na kinacholalamikiwa huwekwa katikati ya mkeka ili kila mtu akione. Mara nyingi huwa ni simu. Kwangu ilikuwa fomu, na nyuma yake bunda la zile nyingine, kwa sababu Shifa alikuwa amezibeba zote.

Baba mkwe wangu, mzee Sulaimani, ana duka la vitambaa na jioni hufundisha Kurani. Alivaa miwani akasoma muhtasari kwa sauti, kila neno, mpaka "kupima tena". Kisha akavua miwani, akanitazama kwa macho matupu.

Mama mkwe, Hajati Mahfudha, alikuwa amekaa kando ya Shifa.

"Mimi nina ngapi?" aliuliza.

"Mama?"

"Umeandika watu wote. Mimi nina ngapi?"

"Tano, mama."

"Tano! Banange! Mafuta ya habasoda chupa nne yameishia kwenye kiuno chako, unanipa tano!"

"Tano si mbaya, mama. Kadiri zinavyokuwa chache ndivyo..."

"Na mimi, shemeji?" Faizal alidakia. Faizal ni mdogo wake Shifa na hana adabu.

"Wewe inategemea unamzungumzia nani."

"Faizal, kimya," alisema mzee. Alikuwa anapekua zile fomu nyingine, taratibu, anavyopekua majora ya vitambaa. "Mwanangu Habib. Sisi hapa tunazozana juu ya jina la Shifa, lakini Shifa hana alama za juu. Huyu Oola ndiye ana nane. Nane, saba, nane, tisa. Alikufanya nini?"

"Hajanifanya kitu, baba."

"Siku ulipoumia alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alikusaidia kunyanyua hilo pipa?"

Shifa aliinua macho. Nilijua anasubiri nini. Moja tu, alikuwa amesema siku ile ya picha.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nje ya vipimo vyote mia moja sitini na nane kulikuwa na kimoja ambacho sikukiweka kwenye jedwali, nacho ndicho cha kwanza kabisa: cha siku niliyoumia.

"Hakukuwa na pipa," nilisema.

*

Msomaji, nawe pia nilikudanganya. Katika sehemu ya kwanza nilikusimulia pipa la gundi la kilo sitini, ambalo nililinyanyua kwa sababu mpakiaji, Ochan, hakuwa mahali pake. Ulinihurumia. Wengine mliniandikia, na mmoja alinitumia mkanda wa kiuno.

Pipa lilikuwepo. Sikuligusa.

Ilikuwa mkutano wa Jumatatu asubuhi. Meneja alisema kiwanda kina furaha kutangaza mkuu mpya wa idara ya ubora. Nilikuwa nimevaa shati jipya. Nilikuwa nimeshaanza kusimama, msomaji. Nusu. Akataja Oola.

Watu walipiga makofi. Nilikaa, na mimi nikapiga makofi. Kifuniko cha kalamu yangu kikaanguka sakafuni, nikainama kukiokota, na sikuweza kuinuka.

Kifuniko cha kalamu kina gramu mbili. Nilikipima baadaye.

Mwanaume mzima hawezi kutolewa mkutanoni amebebwa kwa sababu ya gramu mbili, tena mbele ya mtu aliyemfundisha kazi. Waliponifikisha chumba cha huduma ya kwanza nikasema pipa. Nilisema nimelinyanyua asubuhi, kabla ya mkutano, na maumivu yamechelewa. Nikaulizwa kwa nini mkaguzi anyanyue pipa. Nikasema mpakiaji hakuwepo.

Nilipomaliza kuwasimulia hayo kibarazani kwa mzee Sulaimani, Faizal alimeza kwanza tende aliyokuwa nayo mdomoni.

"Gramu mbili," alisema Faizal. "Shemeji. Kuku anabeba zaidi." Hajati Mahfudha alimpiga na mto, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio na mabega yanamtikisika. Mzee alisema "Astaghfirullah" mara tatu na ya tatu haikufika mwisho. Walicheka. Nakiri kwamba hata mimi nilikaribia kucheka, na kwamba kwa dakika hiyo kiuno changu kilikuwa kimya kama cha mtu mwingine.

Shifa hakucheka.

"Na Ochan?" aliuliza.

Kicheko kiliisha.

"Ochan alifanywa nini?"

"Aliachishwa kazi," nilisema. "Kwa kutokuwa mahali pake."

"Alikuwa mahali pake?"

"Alikuwa."

"Ana watoto?"

"Wanne."

"Umejuaje ni wanne?"

"Niliuliza."

"Uliuliza lini?"

Nilitamani asiulize hilo. "Wiki ileile."

Alinitazama. Nimeishi na huruma ya Shifa miezi kumi na minne na nimeandika dhidi yake kurasa nyingi. Sikuwa nimewahi kuona sura yake ikiwa haina huruma.

"Kwa hiyo mwaka mzima," alisema, "nilikuwa napakaza mafuta mtu mwenye jambo hili mgongoni."

"Kitaalamu..."

"Kitaalamu nyamaza, Habib." Alikunja ile fomu mara mbili. "Jumatatu nenda kiwandani. Umwambie huyo Oola, umtazame usoni. Ochan arudishwe. Kisha unieleze kila neno, ulilosema na alilokujibu. Ukinieleza yote, nitapanda boda nirudi. Ukipunguza hata nukta, nikalijua baadaye, mimi na wewe basi. Baba, nimekosea?"

"Hujakosea," alisema mzee Sulaimani.

"Mama?"

"Hujakosea. Na arudishe chupa zangu."

*

Jumatatu saa nne asubuhi niliingia ofisini kwa Oola.

Nilikuwa nimeitazama ofisi ile kwa nje muda mrefu. Kwa ndani ni ndogo. Kuna meza, kiti kizuri cha kuzunguka, kabati la mafaili, na dirisha linaloangalia mashine ya kubonyeza magodoro, ambayo hupanda na kushuka siku nzima bila kuambiwa pole na mtu yeyote.

"Mwalimu!" Oola alisimama. Hajawahi kuniita kwa jina. "Karibu. Kaa. Mgongo?"

"Nitasimama. Oola, sikunyanyua pipa."

Aliketi.

"Niliokota kifuniko cha kalamu," niliendelea. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, na niliyatoa kwa mpangilio. "Ulipotangazwa wewe. Hasira ilinishika kiunoni. Pipa nililibuni. Ochan alikuwa mahali pake. Nataka fomu ya ajali ifutwe na yeye arudishwe."

Oola aligusa meza kwa vidole. Baba yake alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili chake, kama cha Abalo, kilianzia kambini, lakini siku zote hukitumia polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Mwalimu, mimi najua."

"Unajua nini?"

"Kifuniko. Ilianguka karibu na kiatu yangu. Ni mimi niliokota, baada ya wao kukubeba."

Nilisikia mashine ikipanda na kushuka.

"Fomu ya ajali ina nafasi ya shahidi," nilisema. "Alitia sahihi nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mimi nilikuwa bosi dakika kumi. Wewe ulikuwa mwalimu wangu miaka sita. Ulisema pipa, nikaandika pipa." Aliinua mabega. "Nilifikiri ni wiki moja utapona, halafu nitamrudisha Ochan kimyakimya. Wiki moja ikawa mwezi. Ochan ni mtu wa kwetu. Mama yake na mama yangu wanasali kanisa moja. Kila Jumapili mimi natafuta benchi ya nyuma. Unaona hii?" Alivuta droo, akatoa chupa ya dawa nyeupe ya vidonda vya tumbo, imebaki robo. "Hii ni ya wiki. Wewe mgongo, mimi tumbo."

Nilikaa. Naungama kwamba katika vipimo vyangu vyote sikuwahi kufikiria kumpima Oola.

"Basi tuandike," nilisema. "Wote wawili."

"Tuandike, ndiyo. Lakini soma kanuni kwanza, wewe ndiyo ulinifundisha kusoma kanuni." Alinisukumia kijitabu cha kampuni, ukurasa umeshakunjwa pembeni, alikuwa ameusoma mara nyingi kabla ya siku hiyo. "Mgonjwa akitoa maelezo mabaya na akirekebisha mwenyewe, anapata barua ya onyo. Shahidi akitia sahihi kitu ambacho hakuona, anaachishwa kazi. Siku hiyohiyo."

Nilisoma. Ilikuwa hivyo. Nilisoma tena.

"Kwa hiyo Ochan anarudi," alisema Oola. "Mimi naenda. Wewe unabaki. Na watatafuta mkuu wa idara." Alitazama kile kiti cha kuzunguka alichokalia, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu, hapa kiwandani nani mwingine anajua godoro kama wewe?"

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Alikuwa Shifa.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Usoni?"

"Usoni."

Nilimsikia akishusha pumzi. Nyuma yake Hajati Mahfudha aliuliza kitu, na zipu ya begi ilifungwa, kwa furaha safari hii.

"Alhamdulillahi. Haya nieleze, Baba Iman. Amekujibu nini?"

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa fupi: amekubali, Ochan anarudi. Lilikuwa kweli, lilimleta mke wangu nyumbani kabla ya adhuhuri, na lilikuwa na nukta moja pungufu. La pili lilikuwa kamili, na yeyote atakayelisikia, Shifa wa kwanza, ataona tu kwamba nimesubiri miezi kumi na minne, kisha nikaenda kusema ukweli siku ambayo ukweli unamwondoa Oola na kunipa kiti nilichokitaka.

"Baba Iman? Nimekuuliza. Amekujibu nini?"

Nilifungua mdomo. Upande wa pili wa meza Oola alikuwa ameshavuta droo mpaka mwisho, na alikuwa anatoa vitu vyake, kimoja kimoja, anavipanga juu ya meza.